Jomsom, mji wa asubuhi: siku nne kwenye lango la Mustang

Jomsom, katika milima ya Nepal, ni mji wenye saa zake. Kuanzia alfajiri hadi kama saa nne na nusu asubuhi hewa imetulia, kilele cha Nilgiri kimesimama juu ya mapaa kikiwa cheupe pe, na barabara ya mawe inayopita mbele ya uwanja wa ndege imejaa watu wanaokaza mikanda ya mizigo, wanaokunywa chai kwa haraka na wanaouliza jeep ya kwenda Muktinath, penye hekalu la mahujaji, inaondoka lini. Ikipiga saa tano upepo huanza kupanda bondeni kutoka kusini, na kufikia saa saba mchana kila aliye na pa kujificha amekwisha kujificha, milango imekomewa, na mchanga wa mto unagonga vioo vya madirisha. Nililala hapo siku nne, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, mbili nikienda juu na mbili nikirudi, na karibu kila kosa nililolifanya lilitokana na kuzipuuza saa hizo. Ndiyo maana tathmini hii ya mji itarudi kwenye saa kila mara.

Nieleze kwanza nilikuwa naukagua kwa jicho gani. Nimekulia Moshi, mji ambao kwa mgeni wa mlima kazi yake ni kumpokea jioni, kumlaza, na kumfikisha getini asubuhi akiwa na kila alichokisahau nyumbani. Kwa hiyo kila nifikapo kwenye mji wa aina hiyo huangalia mambo ambayo msafiri mwingine huenda asiyajali, kama kamba za viatu zinapatikana baada ya magharibi, kama maji ya moto ni ya moto kweli, na mpagazi anakula wapi, mezani pamoja na wageni au mlango wa nyuma. Jomsom, makao makuu ya wilaya ya Mustang katika Nepal ya kaskazini, ni mdogo kuliko Moshi mara nyingi sana. Mtu mwenye haraka atautembea kutoka mwanzo hadi mwisho kwa nusu saa. Umelala kando ya mto Kali Gandaki katika kimo cha takriban mita 2,700, na kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hesabu inakuja yenyewe, kwa sababu kimo hicho ni kile kile cha vibanda vya Mandara, na Muktinath, ambako wengi huelekea kesho yake, iko karibu sawa na Horombo. Ufanano unaishia hapo. Mandara imezungukwa na msitu wa mvua na mbega, ilhali Jomsom ni mawe, vumbi na anga la buluu, na kijani kinachoonekana ni cha vishamba vinavyonyweshwa kwa mifereji ambayo mtu wa Uchaggani ataitambua mara moja.

Ukame huo unatokana na ukuta wa milima ulio upande wa kusini. Mawingu ya monsuni humwaga karibu maji yake yote kabla ya kuuvuka: Lumle, kijiji kilicho jirani na mji wa Pokhara, hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, na Jomsom, iliyo nyuma ya ukuta huo huo, haifikishi hata 300. Ukame huohuo ndio unaouzaa upepo. Jua la asubuhi hupasha moto nyanda tupu za Mustang, hewa ya juu yake hupaa, na hewa ya kusini huja kuijaza nafasi hiyo kwa kupita kwenye korongo moja tu, lile la Kali Gandaki, lililobanwa kati ya Dhaulagiri yenye mita 8,167 na Annapurna ya kwanza yenye mita 8,091, vilele ambavyo vimeachana kwa kilomita 35 hivi. Hewa yote ya upande huo hupenya hapo kama umati unaotoka uwanja wa mpira kwa geti moja. Kasi yake mchana inaweza kupita kilomita 50 kwa saa, na jua likishazama hulegea kidogo kidogo mpaka usiku ukawa kimya kabisa, kimya ambacho baada ya kelele za mchana mtu hukisikia masikioni.

Kufika huko si kazi ngumu kama ramani inavyotisha. Msafiri wa Tanzania au Kenya hupewa viza anapotua Kathmandu, kwa dola 30 kama atakaa siku 15 na dola 50 kama atakaa siku 30, na jambo la ajabu kuliko foleni ya viza ni kusogeza saa: Nepal iko mbele yetu kwa saa mbili na dakika 45, na mimi, niliyezoea kwamba tofauti za nchi na nchi huhesabiwa kwa saa nzima, nililazimika kumuuliza askari wa uwanjani mara mbili. Kutoka Kathmandu unakwenda Pokhara, na kutoka Pokhara una njia mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo ya abiria wasiofika 20, inayotumia kama dakika 20 kupita ndani ya korongo lenyewe, milima ikiwa juu yako kulia na kushoto. Nauli ya mgeni ilikuwa zaidi ya dola 100. Ya pili ni barabara ya kupitia Beni, ambayo ina sehemu za lami na sehemu ambazo kuziita barabara ni kuzipa heshima.

Kuhusu ndege sitamficha mtu chochote. Njia ya kurukia ya Jomsom haifiki urefu wa mita 800, rubani huona kwa macho yake mahali anapokwenda, na ndege zote hupangwa asubuhi kwa sababu ya ule upepo. Tarehe 29 Mei 2022 ndege iliyotoka Pokhara kuja Jomsom ilianguka milimani ikiwa na watu 22 na hakuna aliyepona. Mwaka 2012 nyingine ilianguka karibu na uwanja huuhuu na watu 15 wakafa. Mimi nilipanda, nikafika, na sijawahi kuona mandhari inayoizidi ile ya dirisha la kulia, lakini mwenzangu tuliyesafiri naye kutoka Arusha alikataa katakata akaja kwa jeep, na sikumwona mwoga. Aliingia mjini saa mbili usiku, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, akaomba chai kabla ya kuomba chumba.

Nyumba za wageni ziko nyingi, na nyingi zimejipanga mbele ya uwanja wa ndege kama maduka ya mtaa mmoja. Utaratibu wao ni ule wa Nepal nzima: chumba ni cha bei rahisi kwa sharti lisiloandikwa kwamba utakula chakula cha jioni na cha asubuhi humohumo, na atakayelala kwa mmoja akaenda kula kwa jirani atalipia chumba mara mbili au atanuniwa. Nyumba ya kwanza niliyolala, ambayo sitaitaja jina, nililipa rupia 1,500 kwa chumba cha vitanda viwili, mablanketi mazito mawili na ahadi ya maji ya moto saa 24. Niliamka saa kumi na mbili asubuhi nikafungua bomba, na maji yaliyotoka yalikuwa ya aina inayomfanya mtu akumbuke madhambi yake. Ilinichukua siku moja kuelewa kwamba tangi lililo juu ya paa linapashwa na jua peke yake, kwa hiyo maji huwa moto kweli kuanzia saa saba mchana hadi magharibi, na baada ya wageni watano wa kwanza kuoga yamekwisha. Bili ilipokuja ilikuwa na rupia 300 za kuoga. Tulibishana kwa upole, mimi na kijana wa mapokezi, tukamaliza kwa yeye kufuta nusu. Siku niliporudi kutoka juu nilioga saa nane mchana, upepo ukiwa unapiga mbinja kwenye nyaya, na maji yalikuwa ya kuunguza; kwa kuwa saa hizo huwezi kutoka nje hata hivyo, hakuna wakati mzuri zaidi wa kuoga, kufua soksi na kulala.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kuchukua ufunguo ni dirisha linatazama wapi. Chumba changu cha kwanza kilitazama kusini, na kila jioni nilikuta mstari wa vumbi la kijivu juu ya kizingiti cha dirisha, laini kama unga wa muhogo, ulioingia kwa ufa ambao nisingeweza kupitisha karata. Nilifuta kwa kidole nikaandika jina langu. Kesho yake jina lilikuwa limefunikwa. Chumba cha pili, katika nyumba ya familia upande wa pili wa daraja, kwenye mji wa zamani, kilitazama kaskazini na hakikuingiwa hata na punje ya vumbi. Huko upande wa zamani ndiko ningemshauri mtu alale ikiwa haruki na ndege ya alfajiri: nyumba ni za mawe na udongo, paa zake ni bapa, na ukingoni mwa kila paa zimepangwa kuni kwa ustadi wa mtu anayepanga vitabu. Wenyeji waliniambia kwamba kuni hizo ni akiba, na pia ni namna ya kuonyesha kwamba nyumba hii haina shida.

Huduma nyingine za mji nitazipitia kwa haraka, maana zipo na zinafanya kazi. Kuna benki na mashine za kutolea fedha, ingawa kwa kuwa umeme na mtandao hukatika ni busara kuja na rupia mkononi kutoka Pokhara. Kuna hospitali ya wilaya, maduka ya dawa, na maduka yanayouza soksi, kofia, betri, miwani ya jua na kamba za viatu, ambazo nilizipata saa moja usiku kwa hiyo mji umefaulu mtihani wangu. Kuna jeshi pia, lenye shule yake ya mafunzo ya milimani, na alfajiri askari vijana hukimbia barabarani kwa mistari wakipumua mvuke.

Lakini kinachoifanya Jomsom iwe bora kuliko miji mingi ya aina yake ni jikoni. Hili ni bonde la Wathakali, watu ambao kwa vizazi waliishi kwa kuwa katikati: chumvi ya Tibet ilishuka kwao, nafaka za kusini zikapanda kwao, na mji wa Tukuche, ulio chini kidogo ya Jomsom, ukawa ghala la biashara hiyo. Baada ya mambo ya Tibet kubadilika mwaka 1959 biashara ya chumvi ilikufa, na Wathakali, ambao tayari walikuwa wanalisha na kulaza misafara, wakageuza ujuzi huo kuwa riziki. Leo ukienda mji wowote wa Nepal utakuta mkahawa unaojisifu kwa chakula cha Kithakali, kwa hiyo kukila kwao wenyewe kuna raha ya pekee. Sahani ni ya shaba, katikati kuna wali, na pembeni vibakuli vya dengu nyeusi, mboga za majani, viazi vya viungo, achari, na gundruk, yaani majani yaliyochachushwa yakakaushwa. Dengu hizo hukaangiwa jimbu, jani kavu la jamii ya vitunguu linaloota huku juu, ambalo hutiwa kwenye samli ya moto hadi liwe jeusi kisha hurushwa ndani ya sufuria likilia. Harufu yake iko kati ya kitunguu saumu na moshi. Nililipa rupia 600, na wali, dengu na mboga viliongezwa mpaka nilipoifunika sahani kwa mkono.

Siku ya tatu mama mwenye nyumba, ambaye kila mtu, wageni na wapagazi, humwita didi, yaani dada mkubwa, aliniuliza kama ningependa kujaribu dhido. Akaweka sufuria nyeusi ya chuma jikoni, maji yalipochemka akamwaga unga wa phapar, nafaka inayostawi kwenye baridi hiyo, akaibana sufuria kwa mguu na kuanza kusonga kwa mwiko wa mti kwa mikono miwili. Nilicheka peke yangu. Ulikuwa ugali, rangi ya kijivu iliyokoza kama wa mtama, na harufu yake ya udongo ilinikumbusha jikoni kwa bibi. Nilinawa, nikamega tonge, nikalifinya katikati kwa kidole gumba ili libebe dengu, na didi akaita watu wa nyumba waje waone mgeni anayejua kula. Kosa langu lilikuwa moja: nilitafuna. Mtoto wake wa kiume alinikosoa kwa heshima akisema, "Dai," yaani kaka mkubwa, "dhido haitafunwi, humezwa tu," na kweli nilipomeza ilipita vizuri zaidi, maana inanata menoni. Kwa Muislamu nitaongeza kwamba nyama ya ng'ombe haimo kabisa, kwa kuwa nchi hiyo humhesabu ng'ombe kuwa mtakatifu, na mwenye shaka juu ya uchinjaji wa kuku au mbuzi atashiba vizuri kwa dengu, mayai na mboga bila kuona kwamba ananyimwa kitu. Asubuhi utapewa mkate wa kukaanga ambao wao huuita wa Kitibeti na mimi nauita andazi lililosahauliwa sukari, pamoja na chai ya maziwa yenye viungo ambayo haikunipa sababu ya kutamani ya nyumbani.

Vibali visimamiwe mapema. Eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Annapurna, iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 7,629, na kibali chake nilikipata Pokhara kwa rupia 3,000. Tangu Aprili 2023 mamlaka za utalii za Nepal zimetangaza kwamba mgeni anayetembea milimani lazima awe na mwongozaji, kanuni ambayo nimesikia watu wa Ulaya wakiilalamikia sana na ambayo kwa mtu wa Kilimanjaro haina jipya, kwa sababu kwetu hakuna anayepita getini peke yake. Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa Pokhara, na neno lake la njiani lilikuwa bistarai. Nilipomwambia kwamba waongozaji wa kwetu hulisema hilohilo kwa wageni kutwa nzima, "pole pole", aliliandika kwenye simu yake, na kuanzia hapo nikawa nasikia "pole pole" kwa lafudhi ya Kinepali kila kilima kilipokaza. Anayetaka kwenda Mustang ya Juu, hadi Lo Manthang, eneo lililofunguliwa kwa wageni mwaka 1992, atahitaji kibali kingine ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 500 kwa siku 10 za kwanza. Mimi sikuwa nazo, nikaishia Kagbeni, kijiji kilicho kwenye mlango wa eneo hilo, kuutazama tu.

Sasa swali la wengi: je, bado kuna sababu ya kutembea kwa miguu hapa, wakati barabara imefika? Zamani njia ya Jomsom ilikuwa miongoni mwa njia zinazopendwa zaidi nchini, na waliovuka Thorong La, lango la milimani lenye kimo cha mita 5,416, walishuka kwa miguu hadi Pokhara. Barabara ilipokatwa kutoka Beni, jeep na pikipiki zikaingia, na anayetembea kwenye barabara hiyo mchana hula vumbi la gari na vumbi la upepo kwa pamoja. Nimekutana na wasafiri wanaosema kwamba barabara imeliharibu bonde, na nimekutana na didi anayesema kwamba kabla ya barabara mjamzito mwenye shida alibebwa mgongoni. Mimi nilimsikiliza didi. Dawa ya mtembeaji ni kuiacha barabara. Zipo njia nyingine upande wa pili wa mto, zilizowekewa alama za rangi kwenye mawe, nyekundu na nyeupe kwa njia kuu na buluu na nyeupe kwa matawi, na kwa siku nzima tuliyofuata alama hizo tulikutana na mbuzi wengi kuliko magari.

Kwa mtu mwenye asubuhi moja tu ningempeleka Thini, kijiji cha kale kilicho juu ya mji, kisha aendelee hadi ziwa dogo la Dhumba, la rangi ya kijani kibichi, ambalo wenyeji hawavui samaki wake kwa kuwa ni ziwa takatifu. Matembezi hayo yanauzoesha mwili kimo kabla ya Muktinath, na ukitoka saa kumi na mbili unarudi kabla upepo haujakukuta. Kwa mwenye siku nzima, Marpha iko kilomita sita hivi kusini: uchochoro wa mawe bapa ambao maji hupita chini yake, nyumba zilizopakwa chokaa, na mashamba ya tufaha yaliyotokana na kituo cha kilimo kilichofunguliwa hapo mwaka 1966. Nilinunua kilo ya tufaha kwa bei ya tufaha moja la Moshi linaloletwa kutoka nje, nikala tatu nikiwa nimesimama. Kosa langu, na hili ndilo nililolipia zaidi, lilikuwa kwenda Kagbeni baada ya chakula cha mchana, kwa sababu kwenye ramani ni kilomita kumi tu na njia ni tambarare. Upepo ulikuwa mgongoni, nikadhani ni bahati. Unapokusukuma kwa nyuma juu ya kokoto za mtoni huwezi kusimama vizuri wala kuchagua pa kukanyaga, na mchanga huzunguka ukaingia machoni kwa mbele. Nilifika nikitema kijivu. Anayekwenda bila kitambaa cha uso na miwani inayobana pembeni ajue kwamba ameonywa.

Katika kokoto hizohizo, asubuhi yenye utulivu, mwongozaji wangu aliokota jiwe jeusi la mviringo, akalipasua kwa kuligonga juu ya jingine, na ndani kulikuwa na kiumbe wa kale wa bahari aliyegeuka jiwe, amejiviringa kama konokono, mistari yake yote ikiwa mizima kama wa jana. Hizi huitwa shaligram, na Wahindu huziheshimu kama alama ya mungu wao Vishnu. Mahujaji waendao Muktinath, kwenye hekalu lenye mabomba 108 ya maji ya baridi kali, huzitafuta mtoni kwa saa nyingi. Mwanajiolojia atakwambia kwamba ni viumbe wa bahari ya Tethys, iliyokuwepo kabla ya bara Hindi kugongana na Asia na kuinua sakafu ya bahari hadi ikawa milima. Nimetembea fukwe za Pangani na Bagamoyo nikiokota makombe, lakini sikutarajia kuokota moja katika kimo cha Mandara. Lile jiwe tulilirudisha mtoni. Mjini zinauzwa kwenye meza mbele ya maduka, na nyingine zimepakwa mafuta ili zing'ae.

Je, ningewashauri watu waende? Ndiyo, kwa masharti: walale siku mbili badala ya moja wakienda juu, wabakize siku mbili za akiba wakirudi, na wasipange ndege ya kimataifa karibu na ndege ya Jomsom. Asiyependa vumbi, au anayetaka mji wa kukaa barazani jioni akipunga upepo, atachukia hapa, kwa kuwa upepo ndio unaompunga yeye. Mzee mwenye matatizo ya kifua na afikirie mara mbili. Kwa mtembeaji wa kawaida, hasa aliyewahi kufika Horombo bila kuumwa kichwa, sijui mji mwingine ambapo utateremka kwenye ndege saa moja asubuhi ukiwa umetoka mita 800 na kitu za Pokhara, ukanywa chai chini ya kilele cha mita 7,061, na kabla ya saa tano ukawa umetembea hadi ziwani na kurudi.

Siku yangu ya kuondoka ndege haikuja. Tulikaa uwanjani tangu saa kumi na mbili, mawingu yamekaa korongoni upande wa kusini, mpaka saa nne na nusu kijana wa shirika, ambaye kwa hakika alikwisha kuchoka kutoa habari hiyo, akafunga kidirisha. Kesho yake ikawa vilevile hadi saa mbili. Nikamtazama mwenzangu wa Arusha, ambaye hakusema neno lolote ingawa alikuwa na haki ya kusema mengi, tukalipa nafasi mbili kwenye jeep ya Pokhara, tukabanwa pamoja na magunia ya tufaha na mama mmoja aliyeshika kuku. Tulikuwa tunaipita Tukuche, dereva amepunguza mwendo kuwapisha mbuzi, tuliposikia mngurumo juu yetu. Abiria wote tuliinua shingo madirishani, na ile ndege ndogo nyeupe ikapita katikati ya bonde ikielekea Jomsom.